Mgeni wa Valencia Anakaribishwa na Nani?

Katika nyumba nyingi za Machakos zilizo na mtoto ughaibuni kuna swali ambalo haliulizwi mpaka tiketi ikaribie kununuliwa. Rafiki wa familia akitaka kwenda kumtembelea mtoto huyo, nani mwenye haki ya kumwambia karibu? Ni wazazi waliomlea? Ni majirani waliochanga ili asafiri? Au ni yeye mwenyewe anayelipa kodi ya chumba?

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti nne. Mwalimu ni mstaafu kutoka upande wa Kangundo, aliyewanoa vijana wengi katika riadha, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa harambee ya kumpeleka binti wa rafiki yake Hispania. Mama ni mzazi wa binti huyo. Anauza nafaka Marikiti, mjini Machakos. Binti anafanya kazi katika makao ya wazee jijini Valencia, naye anazungumza kwa simu. Wakala ni kijana mwenye ofisi ya safari mjini, anayewasaidia watu kujaza fomu za viza. Sikuwapa majina, maana watu kama hawa wako katika kila kata.

MWALIMU: Sijaomba jambo kubwa. Nilikuwa mwalimu kijana wakati Cosmas Ndeti wa hapa kwetu aliposhinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Mwaka 2011 nilikaa mbele ya televisheni na majirani kumshangilia Patrick Makau, mtoto wa Kangundo, aliyevunja rekodi ya dunia Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Sasa nimestaafu. Nataka kusimama kando ya barabara ya Valencia Jumapili ya kwanza ya Desemba, pale marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni yake ya kwanza mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Mimi na mke wangu, wiki tatu basi. Na Valencia tuna mtoto.

MAMA: Ni mtoto wenu kweli. Nami nilishasema karibuni.

BINTI: Mama, ulisema lini?

MAMA: Kanisani, mwezi uliopita. Mwalimu aliniuliza mbele ya watu. Ulitaka nimjibu nini?

Nawaomba wazazi wasome hapo mara mbili. Mama hakusema uongo wala hakutaka kumbebesha mwanawe mzigo. Alijibu kama anavyojibu kila siku nyumbani kwake. Mgeni akibisha wakati ugali uko jikoni, unga unaongezwa, mtoto mmoja anahamia kwa nduguye, na shauri limekwisha. Mamlaka hayo anayo kwa sababu nyumba ni yake, sufuria ni yake na godoro ni lake. Kwa miaka mingi tumeyachukua mamlaka hayo na kuyanyoosha mpaka ng'ambo, kana kwamba chumba cha mtoto kule ni chumba cha nyuma cha nyumba ya hapa.

BINTI: Mwalimu, naomba uelewe ninakoishi. Sina nyumba. Nina chumba. Ghorofa ni ya vyumba vitatu, kila chumba na mpangaji wake, na jiko na bafu ni vya wote. Mkataba wangu ni wa chumba kimoja, na mwenye ghorofa ameandika kwamba mgeni asilale humo bila ruhusa yake. Mwenzangu wa chumba cha pili anafanya kazi ya usiku, analala mchana. Mkifika wawili kwa wiki tatu, nitawalaza wapi? Nitampikia nani saa ngapi?

MWALIMU: Tutalala sakafuni. Mimi nimelala bwenini na wanafunzi miaka yote.

BINTI: Wewe utalala sakafuni, Mwalimu, lakini mkataba nitauvunja mimi.

MAMA: Mwanangu, sikiliza. Baba yako alipofariki, Mwalimu na mkewe hawakutoka hapa mpaka tulipomaliza kuzika. Mke wake ndiye aliyekuwa jikoni. Ulipopata nafasi ya kwenda huko, nani aliita harambee? Nani alienda Kathiani, Tala na Wamunyu kutafuta watu? Leo mtu huyo anasema anakuja kukuona, na wewe unamsomea mkataba?

Sitaki kulipita neno hili la harambee haraka, kwa sababu ndilo moyo wa mjadala. Tangu Mzee Kenyatta alifanye wito wa taifa mwaka 1963, harambee imejenga madarasa na zahanati, imelipa bili za hospitali na karo, na imenunua tiketi za ndege za vijana ambao wazazi wao wasingeweza kuzinunua. Ukambani tulikuwa na mwethya kabla ya hapo, kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro na makinga maji shambani, na harambee iliota vizuri katika udongo uliokwisha kulimwa. Aliyechangiwa anajua amechangiwa. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti na daftari likahifadhiwa. Kwa hiyo Mama anapolitaja hilo, hatishi mtu. Anataja deni analoliheshimu.

Ila ni deni la namna gani? Hapo mimi na Mama tunaachana. Mwethya haukumfanya mwenye shamba kuwa mali ya waliomlimia. Walimlimia leo, kesho akaenda kwao na jembe lake, kwa nguvu alizonazo. Mgonjwa hakwenda, na hakuna aliyemfuata. Mchango hulipwa kwa uwezo wa anayelipa, na uwezo huo yeye ndiye anayeujua.

BINTI: Daftari la harambee ninalo picha yake kwenye simu, Mama. Kila mtu aliyeandikwa mle ninamjua. Watoto wa watatu kati yao nimewalipia karo ya muhula. Sijasema hapana kwa Mwalimu. Nimesema sina kitanda.

MWALIMU: Lakini hukusema! Nilikuandikia ujumbe, ukasoma, ukanyamaza. Nikaandika tena, ukanyamaza. Kimya hicho kimeniumiza kuliko habari za kitanda.

BINTI: Ni kweli, Mwalimu. Niliogopa kukujibu. Nilitafuta maneno nikakosa.

WAKALA: Mniruhusu niingie, maana wote mnazungumza kana kwamba kizuizi ni kitanda tu. Hispania inamtaka mgeni anayefikia kwa mtu binafsi kuonyesha atalala wapi, na njia yao rasmi ni barua ya mwaliko. Barua hiyo haiandikwi na Mama hapa Machakos, wala Binti hawezi kuiandika kwa mkono akaituma kwa simu. Anakwenda mwenyewe kituo cha Polisi ya Taifa katika mji anaoishi, anapeleka kitambulisho chake, uthibitisho wa makazi, na hati inayoonyesha ana haki juu ya nyumba atakayomlaza mgeni. Anaandika jina lako, namba ya pasipoti yako, uhusiano wenu na tarehe za kukaa. Analipa ada. Barua ikitoka, anaituma ile yenyewe huku. Na fomu inamkumbusha kwamba sheria ya jinai inamwadhibu anayemsaidia mgeni kuingia au kubaki nchini kinyume cha sheria.

MAMA: Yaani mwanangu anakwenda polisi kwa sababu ya mgeni?

WAKALA: Ndiyo, Mama. Anakwenda polisi na kutia sahihi. Na mwenye mkataba wa chumba kimoja atapata taabu kuwashawishi kwamba ana nafasi ya watu wawili.

MWALIMU: Basi barua ikipatikana, safari imekwisha kupita?

WAKALA: Hapana, Mwalimu. Barua inathibitisha malazi tu. Bado kuna ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, zaidi ya shilingi 12,000, na ukinyimwa viza hairudishwi. Kuna bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Kisha kuna pesa za kujikimu. Hispania inapiga hesabu kwa asilimia 10 ya mshahara wao wa chini kabisa wa mwezi, kwa kila siku, kwa kila mtu. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa euro 118.40 kwa siku. Wiki tatu kwa mtu mmoja ni karibu euro 2,486. Wewe na mkeo mnapita shilingi laki saba, kabla ya tiketi.

MWALIMU: Nilidhani nikiwa na mwenyeji hizo haziulizwi.

WAKALA: Wengi wanaokuja ofisini kwangu wanadhani hivyo.

Nilipokuwa nikiipanga sehemu hii nilijiuliza ni wazazi wangapi wa Machakos wanaojua kwamba neno karibu, likivuka mpaka wa Ulaya, hugeuka kuwa sahihi kituoni. Hawaambiwi. Watoto walioko huko huona aibu kueleza, wanadhani wataonekana wamekuwa wagumu kama Wazungu. Matokeo yake, mzazi huku anamwona mtoto mchoyo, na mtoto kule anamwona mzazi asiyejali, hali wote wawili wanalindana.

MWALIMU: Mnisamehe, lakini nina uchungu. Mhispania akitaka kuja hapa kuona vilima vya Iveti na Mua, anafanya nini?

WAKALA: Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza. Anajaza ombi kwenye mtandao, analipa dola 30 hivi, anasubiri siku chache. Hakuna ndugu yake wa Machakos anayekwenda polisi.

MWALIMU: Mnaona? Sisi ndio wenye mlango wazi tangu zamani. Mwaka 1849 mmishonari Krapf alifika Ukambani kutoka Rabai kwa miguu. Kivoi wa Kitui alimpokea nyumbani kwake, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi hakumuuliza ana pesa kiasi gani za kila siku.

BINTI: Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha habari hiyo darasa la saba, na ulinifundisha na mwisho wake. Krapf alirudi mwaka 1851, wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana, wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa. Krapf akaponea chupuchupu, peke yake, bila maji, na jamaa wa Kivoi wakamlaumu mgeni kwa kifo cha mtu wao.

MWALIMU: Nakumbuka.

BINTI: Na Kivoi alikuwa nani? Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, ana watu wake, nyumba zake, chakula chake. Alimkaribisha Krapf kwa vitu vilivyokuwa vyake. Mimi nikikukaribisha leo nitakukaribisha kwa vitu vya mwenye ghorofa.

Hoja ya Mwalimu kuhusu mlango usio sawa ni ya haki, nami naiunga mkono bila kusita. Mkenya anayetaka kutazama marathoni inayotawaliwa na wakimbiaji wa Afrika Mashariki anapitia mlango mwembamba kuliko Mhispania anayekuja kutazama simba. Serikali yetu inapaswa kulisema hilo inapoketi na Umoja wa Ulaya, badala ya kuwaachia wananchi walalamike kwenye foleni. Lakini haki hiyo haidaiwi kwa Binti. Yeye hakuiandika sheria ya Schengen, na ndiye anayeibeba zaidi kuliko sisi sote.

Nilitaka pia kumsikia Binti akisema neno juu ya watu anaoishi nao, maana katika mazungumzo ya namna hii Wazungu hutajwa kama watu wasiojua mgeni.

BINTI: Si kweli kwamba hawana utu. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika mkoa wa Valencia. Miji ya pembeni, kama Paiporta, ilijaa matope hadi ndani ya nyumba. Siku zilizofuata niliona maelfu ya watu wakivuka daraja la miguu kutoka mjini, na fagio na koleo mabegani, kwenda kuwasafishia watu wasiowajua. Kama mwethya, Mama. Lakini watu haohao ukitaka kulala kwao wiki tatu, watakuuliza mapema, watatazama kalenda, watakwambia siku ngapi zinawezekana. Hawaoni hilo ni tusi.

MAMA: Kwetu ni tusi.

BINTI: Kwetu pia tulikuwa tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

MAMA: Jembe lilikuwa la kumfanya mtu wa nyumbani. Halikuwa la kumfukuza!

Mama yuko sahihi kuhusu methali hiyo, na naona vijana wengi wa ughaibuni wanaitumia kama fimbo. Lakini tuitazame kama Mama anavyoitazama. Mgeni aliyepewa jembe anajua shamba liko wapi, msimu ni upi, na chakula kinatoka wapi. Hakuna anayemficha hali ya nyumba. Mwalimu alikuwa karibu kupanda ndege akielekea nyumba ambayo hakujua ina vyumba vingapi, kwa mwenyeji ambaye hakujua anafanya kazi zamu gani, katika mwezi ambao makao ya wazee yanahitaji watu zaidi kwa sababu ya Krismasi.

BINTI: Likizo yangu ya mwaka ni siku 30 kwa sheria ya huku, na tarehe zake tunakubaliana na mwajiri mapema. Za mwaka huu zimekwisha. Desemba nina Jumapili mbili tu za kupumzika. Moja nimeomba iwe ya marathoni.

MWALIMU: Uliomba kabla ya kunijibu?

BINTI: Niliomba siku ileile niliyosoma ujumbe wako.

MWALIMU: Mwanangu, ungeniambia hilo tu.

Baada ya hapo mazungumzo yakawa ya kupanga. Wakala alipendekeza siku kumi badala ya wiki tatu, na chumba katika nyumba ndogo ya wageni karibu na kituo cha metro, kiwekwe mapema kwa sababu wiki ya marathoni bei hupanda. Akiomba viza kama mtalii mwenye malazi ya kulipia, Mwalimu hahitaji barua ya polisi, na Binti hatii sahihi ya kitu asichokuwa nacho. Kwa siku kumi, pesa za kuonyesha kwa hesabu ya 2025 ni euro 1,184 kwa mtu mmoja. Si ndogo, lakini mstaafu mwenye akiba ya sako anaweza kuikusanya kwa mwaka.

MAMA: Si wangeweza kuweka hoteli ya kuombea viza, kisha waifute wahamie kwa mtoto? Nimesikia watu wanafanya hivyo.

WAKALA: Wanafanya, Mama, na wengine wanaulizwa kwenye uwanja wa ndege watalala wapi, wanataja hoteli, afisa anapiga simu, hoteli inasema haiwajui. Wanarudishwa. Na tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni kwenye mfumo mmoja. Jina likichafuka, linachafuka nchi zote 29.

BINTI: Na mimi sitaki Mwalimu aliyenifundisha kusema kweli aingie Valencia kwa uongo.

Kuhusu yale Binti anayoweza kutoa, orodha yake ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Atawapokea uwanjani na kuwapeleka mjini kwa metro. Atawapikia chakula cha jioni siku mbili, saa moja usiku, si saa tatu au nne kama desturi ya huko, kwa kuwa Mwalimu ana sukari na hawezi kungoja. Atawatembeza katika bustani ya Turia, ambayo zamani ilikuwa mkondo wa mto. Baada ya mafuriko ya 1957 mto ulihamishwa kupita nje ya mji, na leo wakimbiaji hufanya mazoezi mahali maji yalipokuwa. Na Jumapili yenyewe atasimama nao karibu na utepe wa mwisho, pale Jiji la Sanaa na Sayansi, ambapo wakimbiaji humalizia mbio juu ya jukwaa lililojengwa katikati ya maji.

MWALIMU: Mke wangu alitaka kuleta maembe. Desemba yetu ni maembe.

BINTI: Msilete, tafadhali. Embe haliruhusiwi bila cheti cha afya ya mimea, na nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa. Mtanyang'anywa uwanjani. Nileteeni kiondo cha Mama na habari za nyumbani.

Mimi naamua hivi. Binti ana haki juu ya kitanda chake, na haki hiyo haipunguzwi na daftari lolote la harambee. Mwalimu ana haki ya kujibiwa, na haki hiyo haipunguzwi na zamu wala uchovu. Kosa kubwa zaidi halikuwa la kukosa nafasi. Lilikuwa la watu watatu wanaopendana kuzungumza kila mmoja peke yake: Mama akiahidi kanisani, Mwalimu akihesabu wiki, Binti akinyamaza na simu mkononi. Mzazi mwenye mtoto ughaibuni akiulizwa mbele ya watu, jibu la heshima analo: nitampigia tuzungumze, kisha nikuletee neno lake. Na mtoto aliyeko huko asingoje maneno mazuri. Aseme vyumba vingapi, siku ngapi, pesa za nani.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapokelewi zikibaki chini ya siku 15. Jibu huchukua kwa kawaida siku 15, na linaweza kufika 45. Anayetaka kuwa Valencia Jumapili ya kwanza ya Desemba, ampigie simu mwenyeji wake kabla ya Juni.